Chumba Bila Namba

Asubuhi katika steji ya Kitengela, matatu za Nairobi zikiwa kwenye foleni na makanga wakigonga mabati, mtazame abiria aliyeizoea njia hii anavyopanda. Hakimbilii gari la kwanza. Anachungulia dirishani, na akiona nafasi iliyobaki ni ile ya juu ya gurudumu la nyuma, pale ambapo magoti hukaribia kugusa kidevu, anarudi hatua moja na kujifanya anatafuta simu mfukoni. Gari linalofuata likifungua mlango, yeye ndiye wa kwanza kuwahi kiti cha dirishani upande wa kushoto, usiopigwa na jua la asubuhi. Sambaza, ule ubao unaolazwa kati ya viti viwili ili kumbeba abiria wa ziada, anamwachia mgeni wa mji.

Uangalifu wote huo ni kwa safari ya kilomita thelathini hivi. Mtu huyohuyo akiletewa na chama chake picha ya meli ya kitalii, nyeupe kama sukari, ikiwa na bwawa la kuogelea juu yake, ataulizia bei, tarehe na kama chakula kimo ndani ya hiyo bei. Atalala wapi ndani ya meli hiyo, hilo halimjii. Yuko tayari kulipa laki kadhaa kwa kitanda asichojua kiko sitaha ya ngapi.

Matangazo ya safari hizi siku hizi huingia hadi kwenye makundi ya WhatsApp ya vyama na Sacco: meli kutoka Barcelona, kutoka Dubai, kutoka Durban. Bei ya chini kabisa kwenye tangazo mara nyingi hubeba kijimstari cha maandishi madogo kinachosema chumba kitapangwa baadaye. Mawakala huuita utaratibu huo uhifadhi wa dhamana. Jina hilo linapotosha kidogo, kwa sababu kinachodhaminiwa ni daraja la chumba tu. Mahali pa chumba, msafiri amemwachia mwenye meli aamue.

Madaraja yenyewe si magumu kuyaelewa. Kuna chumba cha ndani, kisicho na dirisha lolote la kuonea bahari. Ukizima taa, saa sita mchana na saa sita usiku ni mamoja. Kuna chenye dirisha lisilofunguka. Kuna chenye roshani, ambapo mtu anaweza kutoa kiti nje na kunywa chai akitazama maji. Juu ya hivyo vyote kuna suti za wenye nazo. Ndani ya kila daraja, hata hivyo, kuna vyumba mamia, na havifanani. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina urefu wa mita 365, sitaha 20 na vyumba 2,805. Mji wa namna hiyo una mitaa yake mizuri na mitaa yake ya makelele, kama Kitengela yenyewe.

Kwa nini mwenye meli auze chumba bila namba? Kwa sababu abiria asiye na namba ni mali. Kampuni humweka pembeni, huwauzia kwanza wanaotaka kuchagua na walio tayari kulipa zaidi, kisha humtumia yeye kuziba mapengo yaliyobaki. Namba yake inaweza kutoka wiki kadhaa kabla ya safari. Inaweza pia kutoka siku chache kabla, au bandarini akiwa na begi mkononi. Wapo wanaobahatika, wakalipia chumba cha ndani na kupewa chenye dirisha, na hao ndio wanaosimulia. Aliyepewa chumba chini ya ukumbi wa chakula, akaamshwa kila alfajiri na viti vinavyoburutwa juu ya kichwa chake, huwa hana hamu ya kusimulia.

Mapengo hayo yana tabia zake. Kuna vyumba vilivyo juu ya ukumbi wa muziki, ngoma ikipenya godoro hadi saa nane usiku. Kuna vinavyopakana na lifti, au na mlango wa wafanyakazi ambako matoroli ya nguo chafu hupita usiku kucha. Vya mbele kabisa huusikia mnyororo wa nanga ukishushwa alfajiri, na kelele yake haina mfano. Halafu kuna dirisha linalotazamana na mashua ya kuokolea watu: umelipia bahari, unaonyeshwa ubavu wa mashua. Vyumba vya aina hii havifichwi. Kwenye ramani ya meli huwekewa alama. Ila ramani humfaa anayechagua.

Watu wa bara huogopa zaidi kulevywa na bahari, na hapo mabaharia wa Pwani walishamaliza kazi zamani. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hiyo hutumiwa kwa mambo ya dunia, lakini ichukulie kama ilivyo. Chombo kikienda mrama, omo, yaani mbele, hupanda na tezi, yaani nyuma, kushuka, kisha kinyume chake, kama bembea ya watoto. Aliye katikati, chini karibu na ngama, ndiye anayetikisika kidogo kuliko wote. Chumba cha katikati ya meli kwenye sitaha ya chini kinamfaa mwenye tumbo jepesi kuliko suti ya juu mbele, hata kama suti ni ghali mara tatu. Ni nadra kwa bei na starehe kupishana waziwazi namna hii, na anayenunua bila namba hawezi kufaidika na mpishano huo.

Tuseme sasa kina mama wanane wa chama kimoja cha Kitengela wanachanga na kununua vyumba vinne kwa dhamana. Wao wanawaza kukaa ujirani, kugongeana milango na kupiga umbea. Mashine ya kupanga vyumba haijui chama. Inaweza kuwatawanya kwenye sitaha nne tofauti, na kuwasogeza baadaye ni kazi, kwani anayekubali bei hiyo kwa kawaida amekubali pia kwamba hatabadilishiwa. Mwenye kiti cha magurudumu asijaribu kabisa: vyumba vyenye milango mipana na choo kinachofikika ni vichache, na huombwa kwa namba. Anayesafiri peke yake naye mara nyingi hutozwa fedha za watu wawili, maana vyumba hupigiwa hesabu ya wawili wawili.

Wakazi wa Kajiado, kaunti ya Kitengela, wana kumbukumbu yao ya kununua kisichokuwa na namba. Ni ploti. Kampuni au chama hununua ekari nyingi, wanachama hulipia hisa, kisha siku ya kura kila mmoja huchota karatasi na kujua kama ameangukia kona ya barabara au bonde la udongo mweusi unaomeza gari mvua ikinyesha. Kabla ya ploti kulikuwa na ranchi za vikundi, zilizoundwa chini ya sheria ya mwaka 1968. Zilipoanza kugawanywa, ile ya Kitengela ikiwa miongoni mwake, swali lilikuwa hilohilo: nani atapata wapi? Mtafiti Esther Mwangi, aliyechunguza ugawaji huo katika ranchi kadhaa za Kajiado, alikuta kwamba wanakamati na wenye mali walielekea kutoka na vipande vikubwa kuliko wanachama wengine. Kura ni kura iwapo anayeichanganya hana karatasi yake mfukoni. Kwenye meli, anayechanganya ndiye mwenye meli.

Garimoshi nalo lilitufundisha, ingawa tumesahau. Hadi mwaka 2017, kabla ya reli mpya kuanza kazi, treni ya usiku ya Nairobi kwenda Mombasa ilikuwa na vyumba vya kulala: vitanda viwili daraja la kwanza, vinne daraja la pili. Abiria alifika stesheni na kutafuta jina lake kwenye orodha iliyobandikwa, na hapo ndipo alipojua behewa lake na wenzake wa chumbani. Daraja la pili wanaume walilala kwao na wanawake kwao, isipokuwa watu walipochukua chumba kizima. Mume na mke waliokata tiketi bila kuuliza waliagana kwenye korido hadi asubuhi. Leo, mkazi wa Kitengela anayepanda Madaraka Express kituo jirani cha Athi River hupewa tiketi yenye namba ya behewa na ya kiti, na bado kuna ya kuwaza. Viti vya daraja la chini vinatazamana, kwa hiyo wengine husafiri kinyumenyume hadi Pwani. Anayekwenda Mombasa akitaka kuiona Kilimanjaro baada ya Emali, akae kulia.

Kukosa namba kumewahi kuwa jambo zito kuliko kelele na mandhari. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Ilitengenezwa kubeba abiria 430. Orodha ilionyesha 443 katika daraja la kwanza na la pili peke yake. Daraja la tatu, la bei nafuu, halikuwa na orodha. Mamia walikufa, na hesabu kamili haikuweza kupatikana, kwani wengi waliokuwa chini hawakuwa wameandikwa popote. Meli za kitalii za leo hazifanyi hivyo: ukishapanda, jina lako na chumba chako viko kwenye mfumo, na kituo chako cha kukusanyikia wakati wa hatari kimeandikwa kwenye kadi yako. Dhamana hugusa mahali pa kulala tu.

Hata hivyo, mahali pa kulala pana siku yake. Februari 2020, Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711 ndani, na virusi vya korona vikisambaa. Zaidi ya 700 waliambukizwa. Abiria waliamriwa kubaki vyumbani. Waliokuwa na roshani walipata hewa na jua. Waliokuwa ndani waliishi kati ya kuta nne, wakitolewa sitahani kwa zamu, na serikali ya Japani ilipoanza kuwashusha baadhi ya wazee mapema, kukosa dirisha chumbani kulikuwa mojawapo ya sababu zilizozingatiwa. Miaka saba kabla yake, Februari 2013, moto katika chumba cha injini uliizimia umeme Carnival Triumph kwenye Ghuba ya Meksiko, ikakokotwa siku kadhaa hadi Mobile, Alabama. Vyumba vya ndani viligeuka tanuri lenye giza, na watu wakaburuta magodoro juu wakalala uwazini. Matukio kama haya ni nadra. Lakini anayejua kwamba hewa humbana akifungiwa asicheze kamari ya chumba cha ndani kwa kuokoa shilingi elfu ishirini.

Kwa Mkenya, kuna hatari inayotangulia zote hizi, nayo wala haiko baharini. Safari nyingi za Mediterania zinadai viza ya Schengen, na meli ikitoka nje ya eneo hilo, tuseme ikatia nanga Uturuki au Tunisia na kurudi, viza inapaswa kuruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Bei za dhamana, kwa kuwa ni za chini, mara nyingi huja na arubuni isiyorudishwa. Ubalozi ukisema hapana, chumba kisicho na namba kinakuwa deni lisilo na mlipaji. Swali la kwanza kwa wakala lingekuwa hili, kabla hata ya sitaha: viza ikikataliwa, ninarudishiwa shilingi ngapi, na hilo limeandikwa wapi? Jibu la simu halitoshi. Walionunua ploti kwa ahadi ya mdomo wanaelewa.

Wapo, tusiwadhulumu, ambao dhamana inawafaa kabisa. Kijana anayekwenda siku tatu, anayelala kama gogo, ambaye chumba kwake ni mahali pa kubadilishia viatu, ana sababu gani ya kulipia ramani? Achukue bei ya chini, tofauti aile kwenye mitaa ya Barcelona. Mwenye mke mjamzito, mama mzee, au watoto wanaohitaji kuwa mlango wa pili, huyo atafute namba ya chumba, aifungue ramani, aangalie kilicho juu yake na kilicho chini yake. Vyumba juu na vyumba chini ndiyo hali nzuri. Ukumbi wowote, hapana.

Kajiado yenyewe ina mahali pa kuujaribu uchaguzi huu bila pasipoti. Ndani ya Hifadhi ya Amboseli, hoteli ya Ol Tukai ina vyumba vya upande wa mlima na vyumba vya upande wa tembo. Asiyeuliza wakati wa kuhifadhi hupewa kilichopo. Anayeuliza karibu kila mara hutaka mlima, kwani nani asiyetaka kuamka na kuiona theluji ya Kilimanjaro, mita 5,895 juu, kutoka kitandani? Mlima nao una yake. Huonekana alfajiri, na mara nyingi jua likishapanda mawingu huufunika; siku nyingine hautoki kabisa. Mgeni aliyeupigania huketi kibarazani akilitazama wingu, huku upande wa pili, kwa wale waliopewa kilichobaki, tembo wakipita kuelekea kinamasini.