Lubumbashi: Pisini ya zamani nyuma ya nyumba, uzio kwanza, maji baadaye

Mwanamke mmoja mkaaji wa Lubumbashi, mfamasia na mama wa watoto watatu, alinunua nyumba ya zamani katika kartie Golf akiwa na furaha ya kuacha kodi. Nyumba ilikuwa na kuta nene, vyumba vinne, miti ya maembe na maparachichi. Nyuma, chini ya majani marefu, kulikuwa pia na kitu ambacho hati za lupango hazikutaja hata kwa neno moja: pisini ya urefu wa mita 10 na upana wa mita 5, iliyojaa maji ya kijani kama mboga ya lengalenga.

Majirani wanasema hakuna aliyeogelea humo kwa zaidi ya miaka ishirini. Wapangaji waliopita waliitumia kama shimo la takataka. Usiku vyura walipiga kelele hadi alfajiri, na mbu walikuwa wengi kiasi kwamba familia ililala chini ya vyandarua kuanzia saa kumi na mbili za jioni.

Nyumba za namna hii si chache katika mji huo uliozaliwa mwaka wa 1910 kwa jina la Élisabethville. Wakati wa Wabelgiji, wakubwa wa migodi na wafanyabiashara walijenga majumba yenye bustani na pisini. Baadaye nyumba zikapita mkono hadi mkono, pompi zikafa, nyaya za shaba zikaibiwa, na mashimo yakabaki. Leo, Mkongomani anayenunua nyumba ya aina hiyo anajikuta amenunua pia tatizo ambalo hakulipangia bajeti.

Kufukia au kufufua?

Katika familia, mawazo yaligawanyika siku ya kwanza. Mume alitaka kufufua. Mama mkwe, mzaliwa wa Pweto kando ya Ziwa Moero, alitaka shimo lifukiwe na kupandwa mahindi. Yeye alikulia pwani ya ziwa na aliona watu wakichukuliwa na maji. Kwake, maji ambayo mtu haoni chini yake si maji ya kuweka karibu na wajukuu.

Fundi aliyeitwa kutoa shauri aliwaonyesha kwamba kufukia nako kuna gharama. Pisini hiyo ina kina cha mita 1 upande mmoja na mita 2 upande mwingine, yaani ujazo wa mita za mraba 50 kuzidisha kina cha wastani cha mita 1.5: jumla mita za ujazo 75. Gari la kubeba mita za ujazo 10 za udongo lingekuja si chini ya mara nane. Tena, kabla ya kumwaga udongo, ni lazima kutoboa sakafu ya simenti. Bila hivyo, mvua inaingia, haipati njia ya kutoka, na lupango linageuka kinamasi.

Jambo lililoamua si hesabu. Siku moja ya mwezi wa pili, mpira wa watoto wa jirani uliruka ukuta. Mtoto wa miaka minne alipita kwenye mwanya wa geti na kuufuata. Mlinzi wa nyumba alimkuta amepiga magoti ukingoni, mkono umenyooshwa juu ya maji, akamshika kwa shati. Hakuna kilichotokea. Lakini jioni hiyo hakuna aliyekula vizuri katika nyumba hizo mbili.

Mwenye nyumba alitambua kwamba, hata bila kuogelea, shimo lile lilikuwa tayari jukumu lake. Sheria ya Kongo, katika kitabu cha tatu cha kanuni ya kiraia, kifungu cha 260, inamfanya mtu awajibike kwa madhara yanayoletwa na vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Kusema kwamba mtoto aliingia bila ruhusa hakufuti uchungu wa mzazi, na mbele ya hakimu si lazima kukuokoe.

Kulingana na Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka wa 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Mtoto mdogo anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono. Anakwenda chini kimya, katika muda wa mtu kujibu simu.

Basi kazi ya kwanza haikuwa pompi wala rangi. Ilikuwa uzio. Wiki hiyohiyo waliweka mabati na miti kuzunguka shimo. Baadaye yaliondolewa, ukawekwa uzio wa vyuma vya kusimama, usio na vya kulala ambavyo mtoto angepanda kama ngazi, wenye kimo cha zaidi ya mita 1.20, pande zote nne. Mlango wake una springi: ukiuachia, unajifunga wenyewe, na kitasa kiko juu, mbali na mkono wa mtoto. Ukuta wa nyumba haukuhesabiwa kuwa upande wa uzio, kwa sababu mtoto wa nyumbani ndiye wa kwanza kutoka kupitia mlango wa jikoni.

Kwa nini kungoja kiangazi

Mume alitaka kuyatoa maji palepale, katikati ya mvua. Fundi alikataa. Wakati wa masika, maji ya ardhini hupanda na kusukuma sakafu ya pisini kutoka chini. Ikiwa imejaa, uzito wa maji ya ndani unaishikilia. Ikiwa tupu, inaweza kupasuka, au hata kuinuka kama mtumbwi. Katika Katanga, mvua hupungua mwezi wa nne, na kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa ardhi inakauka. Huo ndio wakati wa kazi.

Wakati wa kungoja, mashauri ya majirani hayakukosa. Mmoja alisema wamwage mazutu juu ya maji ili viluwiluwi vya mbu vife. Ni kweli kwamba mafuta huviua, lakini baadaye yangeshuka ardhini na kufikia visima vya watu. Mwingine alishauri kuweka samaki aina ya tilapia, ambao hula viluwiluwi. Shauri hili lilifuatwa baada ya takataka zinazoelea kuopolewa kwa wavu. Jambo hili si dogo: Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria, na katika joto yai la mbu linaweza kuwa mbu anayeruka katika muda wa wiki moja hadi mbili.

Mwezi wa sita, samaki walivuliwa na maji yakatolewa taratibu kwa pompi ya kukodi. Kwa kuwa hayakuwa na dawa yoyote, yalipelekwa kwenye miti, si barabarani wala kwa jirani wa chini. Chini yalibaki matope meusi yenye kufika magotini. Vijana wa kazi walitoa chupa, viatu, baiskeli bila magurudumu na mifuko isiyohesabika. Walivaa buti na glavu, kwani vioo vilikuwa vingi.

Ufa kwenye ngazi

Baada ya kuosha, fundi alipita na nyundo ndogo akigonga ukuta kila mahali. Palipotoa sauti ngumu palikuwa pazima. Palipotoa sauti ya mtungi mtupu, plasta ilikuwa imeachana na ukuta, ikabomolewa. Ufa mmoja ulionekana kwenye kona ya ngazi, na mwingine kuzunguka taa ya zamani ya ndani ya maji. Taa hiyo ilikuwa ya umeme wa volti 220. Iliondolewa kabisa: umeme wa namna hiyo na miili yenye maji havikai pamoja.

Mabomba ya chuma yaliyozikwa yalikuwa yamekula kutu hadi yakavunjika kwa mkono. Yalibadilishwa kwa mabomba ya PVC, yakajaribiwa kwa presha kabla ya kufunikwa. Mahali pa kunyonyea maji chini, ambapo zamani palikuwa na tundu moja, sasa pana matundu mawili yenye vifuniko. Tundu moja tu, likizibwa na mgongo au nywele za mtoto, linaweza kumshika chini ya maji. Mchanga wa chujio ulitupwa wote, ukawekwa mpya.

Plasta mpya ilipopigwa, ilimwagiwa maji asubuhi na jioni. Simenti huhesabiwa kufikia nguvu yake ya kawaida baada ya siku 28, na mwenye nyumba alikataa kuharakishwa.

Bidoni 3,750

Kujaza ndiko kulikowapa watu mawazo. Lita 75,000 ni sawa na bidoni 3,750 za lita 20, katika mji ambamo mama wengi bado wanaamka usiku kusubiri bomba la Regideso litoe tone. Mwenye nyumba hakutaka kuvuta maji ya bomba la kartie. Alitumia foraji ya lupango lake, inayotoa mita ya ujazo moja na nusu kwa saa. Ni saa 50 za kazi, zilizogawanywa kwa siku nyingi kulingana na umeme wa SNEL. Pia aliweka robineti nje ya ukuta, ambapo majirani wanachota saa za asubuhi.

Siku ya kutia klori, maji mazuri yakageuka rangi ya chai, na familia ikakata tamaa. Ilikuwa chuma kilichomo ndani ya maji ya ardhini, ambacho hujitokeza kikikutana na klori. Chujio lilifanya kazi, likasafishwa mara kadhaa kwa kurudisha maji nyuma, na baada ya siku chache tundu la chini likaonekana wazi.

Dawa yenyewe si ngeni kwa Wakongomani. Ni HTH, ileile inayotumika kusafisha maji wakati wa kipindupindu. Kwa pisini hiyo, kilo moja na kidogo ya HTH ya asilimia 70 ilitosha kwa kipimo kikali cha mwanzo, miligramu 10 kwa lita. Kwa kuogelea, klori hushushwa hadi miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH hushikwa kati ya 7.2 na 7.6. Hutiwa jioni, kwa sababu jua huiua haraka. Mfamasia huyo ana masharti ambayo hayavunjwi: dawa inatiwa ndani ya maji, kamwe maji hayamwagwi juu ya dawa, HTH na asidi havikai rafu moja, maana vikichanganyika hutoa gesi inayounguza mapafu.

Fundi alishauri pia mrututu dhidi ya ukijani. Katika nchi ya shaba, dawa ya shaba haikosi. Lakini ikizidi hutia madoa kwenye plasta na kugeuza nywele kuwa za kijani, hivyo ikawekwa kando. Pompi inayozunguka saa nane kwa siku, umeme ukiwapo, na brashi ya kusugua kuta kila wiki vimetosha.

Ufunguo

Ili kujua kama ufa umepona, walijaza ndoo maji ya pisini, wakaiweka kwenye ngazi na kutia alama ndani na nje. Baada ya saa 24, maji yalikuwa yameshuka sawasawa pande zote mbili. Jua ndilo lililoyanywa, si ardhi.

Sasa, siku ya Jumamosi, watoto wa nyumba na wa jirani hufundishwa kuelea, mmoja mmoja, na mtu mzima asiye na simu mkononi. Kama tundu la chini halionekani, hakuna anayeingia, hata awe mgeni wa heshima. Kamba na mti mrefu vimening'inia ukutani. Michezo yote hutolewa majini jioni, ili isimwite mtoto asubuhi.

Yule wa miaka minne amejifunza kushika ukingo na kupiga miguu. Na mama mkwe, ambaye bado anasema mahindi yangefaa zaidi, ndiye aliyepewa ufunguo wa mlango wa uzio. Anaufunga kwenye ncha ya kitenge chake. Anayetaka kuogelea ni lazima aanzie kwake.