"I'd" moja, maana nyingi: kueleza matakwa kwa Kiingereza cha kila siku



Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa kwa Kiingereza na kufanya mitihani kwa Kiingereza. Hata hivyo, Kiingereza cha vitabu na kile anachozungumza mgeni parokiani havifanani. Kitabuni tunasoma "I would like". Mdomoni inatoka "I'd like", na hiyo "d" mara nyingi haisikiki vizuri. Wanaparokia wanaofanya kazi hotelini au kuongoza watalii wanalijua jambo hili kuliko sisi. Tumeona vema tueleze upande wa matakwa tu, kwa sababu hapo mtu anaweza kutukatalia nasi tukadhani amekubali.

Tuanze na "I'd like". Ritifaa, alama ile ile ya ng'ombe, inashika nafasi ya herufi zilizoangushwa. "I'd like tea" ni ombi: ningependa chai. "I like tea" ni habari tu. Mtu anapenda chai, lakini hajaomba kikombe. Vivyo hivyo "I'd like to go to confession" ina maana kuna mtu anayemhitaji padre. Iondoe "d", inabaki habari kwamba yeye hupenda kuungama.

Kwa Kiswahili tunayo "ningependa", lakini heshima yetu ya kila siku iko katika "naomba": naomba maji, naomba kupita. Anayesema "I want water" anasikika kama anaamuru, na anayetafsiri "naomba" neno kwa neno anasikika kama ombaomba. "I'd like" ndiyo iliyo karibu zaidi na "naomba" yetu.

"I'd rather" ni afadhali. Kitenzi kinachofuata hakitanguliwi na "to": "I'd rather walk", afadhali nitembee. Ugumu unakuja akitajwa mtu mwingine, maana hapo kitenzi huchukua umbo la wakati uliopita ingawa jambo lenyewe ni la kesho: "I'd rather you came tomorrow". Anayesema hivyo hazungumzii jana. Sasa tuseme tumemwuliza mgeni kama tunaweza kuweka picha yake kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, naye akajibu kwa tabasamu, "I'd rather you didn't". Hiyo ni hapana. Imevikwa adabu, lakini ni hapana kamili, na picha isiwekwe. Na kwetu tunaojiandaa kusikiliza shida za watu, "I'd rather not talk about it" ina uzito wake: mtu hataki kulizungumza, basi tusiendelee kumwuliza.

Kuna mtego mwingine. "I'd" inaweza kuwa "I would" au "I had". Tazama kitenzi kinachofuata. Kikiwa katika umbo la kwanza, kama "go", ni "would". Kikiwa katika umbo la tatu, kama "gone" au "known", ni "had". Kwa hiyo "I wish I'd known" ni laiti ningalijua. "I'd better" inaivunja kanuni hii: inafuatwa na umbo la kwanza, lakini ni "had". Na hapa tahadhari. Kwa Kiswahili, "afadhali ukae" inaweza kuwa ushauri mpole. "You'd better sit down" inakaribia onyo. Usimwambie hivyo Baba Askofu.

"Wanna" ni "want to" iliyobanwa mdomoni. Vijana wameizoea kwenye nyimbo. Haimfai mtu wa tatu, kwa kuwa yeye husemwa "she wants to", na haiandikwi kwenye barua ya kuomba kazi. Ni kama "ntakuja" yetu: wote tunaitamka, ila kwenye barua rasmi tunaandika "nitakuja".

Wanafalsafa wenzetu watapenda kujua kwamba "would" imetokana na "will", ambayo katika Kiingereza cha kale ilikuwa kitenzi cha kutaka. Mt. Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anazungumzia utashi usiokamilika: mtu angetaka jambo kama lingewezekana. Kwa Kilatini huitwa velleitas, kutokana na velle, yaani kutaka. "I wish I could stay" ni ya aina hiyo hiyo. Mgeni akikaribishwa chakula cha mchana akajibu hivyo, anamaanisha hawezi kubaki, hata kama moyo unapenda. "I'd love to, but..." nayo ni hivyo hivyo. Akisema "I'd love to" akanyamaza, ongezeni sahani.