Paa Kwanza, Tangi Baadaye

Mvua ya masika inapoanguka usiku juu ya mabati, wengi wetu huvuta shuka na kumshukuru Mola. Kunapopambazuka, katika vijiji vya uwanda wa mashariki ya Unguja na katika visiwa vidogo vinavyoizunguka Pemba, akina mama na watoto wao hujitwika ndoo kwenda kisimani, na mara nyingi maji wanayorudi nayo yana ladha ya chumvi. Usiku kucha maji matamu yalikuwa yakimwagika kutoka katika mapaa yao wenyewe, yakichimba mashimo chini ya upenu na kushika njia ya baharini. Leo tumekusudia kuwaeleza wenye nyumba namna ya kuyakinga maji hayo, na mwishoni tutakuwa na neno na wenye madaraka.

Visiwa vyetu havina mito mikubwa. Tegemeo letu ni maji yaliyomo chini ya ardhi, ambayo karibu na pwani huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kisima kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari hupanda kuchukua nafasi. Kwa hiyo kila ndoo ya mvua inayotumika nyumbani ni ndoo moja iliyoachwa ardhini kwa faida ya jirani.

Wala kukinga mvua si elimu ya kigeni. Kabla ya Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, kuleta maji ya mfereji mjini Unguja kutoka katika chemchemi za kaskazini ya mji, watu wa mjini walitegemea visima na mabirika. Ndugu zetu wa Pate, Ndau na Kiwayu, upande wa Lamu, wanayo mpaka leo majabia: sakafu pana zilizosakafiwa zikapewa mteremko, ili mvua inayozipiga iteremkie katika birika lililochimbwa ardhini. Aliyejenga jabia alitangulia kufikiria mahali mvua itakapoangukia, kisha ndipo akafikiria birika. Sisi wa siku hizi tumeigeuza kazi hiyo juu chini. Twaenda dukani, twanunua tangi kwa kadiri ya fedha tulizo nazo, kisha ndipo twatafuta pa kuliweka.

Mwandishi wa makala haya hasemi hayo kwa kuwacheka wengine. Alinunua tangi la lita 5,000, akaliweka uwani chini ya kipaa cha jiko chenye mita za mraba 12, kwa sababu hapo ndipo lilipoenea. Masika yakaja, yakapita, na tangi halikujaa. Hesabu ambayo ingemwokoa ni nyepesi hata kwa mtoto wa skuli: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ukiondoa sehemu ya tano kwa ajili ya yale yanayoruka, kuvuja na kukauka juu ya bati lenye moto, kipaa kile kilihitaji milimita zaidi ya 500 za mvua kulijaza tangi lile, hata kama nyumbani pasingetekwa kopo moja.

Basi, ndugu msomaji, anza na paa. Lipime kama kivuli chake kinavyolala chini jua likiwa utosini, yaani urefu mara upana pamoja na upenu, bila ya kufuata mwinuko wake. Nyumba ya mita 8 kwa 7 ina mita za mraba 56. Kwa mvua ya Unguja, ambayo ni karibu milimita 1,600 kwa mwaka, na baada ya kuondoa ile sehemu ya tano, paa hilo hutoa zaidi ya lita 71,000. Hakuna haja ya kuziweka zote. Swali ni siku ngapi utakaa bila ya mvua ya maana, na kwa matumizi gani. Tangu masika yanapokwisha mwanzoni mwa Juni hadi vuli ya Oktoba, tuhesabu siku 120. Watu sita wakitumia lita tano kila mmoja kwa siku, kwa kunywa na kupikia tu, watahitaji lita 3,600. Hapo tangi la lita 5,000 latosha na kubaki. Wakitaka kuoga na kufua pia, kwa lita 20 kila mmoja, hesabu inafika lita 14,400, nayo ni matangi matatu ya namna hiyo. Ushauri wetu kwa mwenye kipato kidogo ni kuyahifadhi maji ya mvua kwa kinywa na chungu, na kufulia aendelee na ya kisima, ijapokuwa tunajua kuwa mama wa nyumba atalalamika, kwa kuwa sabuni hutoa povu upesi zaidi katika maji ya mvua.

Tangi la plastiki ni jepesi kuchukuliwa, hata kwa mashua, na chumvi ya bahari hailiozeshi. Lichaguliwe lisilopenyeza mwanga, maana mwanga huotesha ukijani ndani ya maji. Tangi la saruji iliyokandikwa juu ya wavu wa chuma hujengwa papo hapo na fundi wa kijijini, na lina maisha marefu, lakini ufa mdogo ukidharauliwa huwa mkubwa. Tangi la bati katika upepo wa pwani huanza kuliwa na kutu mapema, hilo hatulipendekezi.

Chochote utakachochagua, usisahau uzito. Lita 5,000 ni tani tano. Tumeyaona matangi yaliyosimamishwa juu ya boriti, mchwa wakazila, na siku ya mvua kubwa tangi likalala ubavu. Jenga jukwaa la mawe na saruji, juu yake sawasawa kama meza, pana kuliko kitako cha tangi, na lenye kimo cha kuingiza ndoo chini ya bomba. Tangi la plastiki linataka kukaliwa na kitako chake chote. Likibaki na uwazi chini, hupasuka hapo hapo.

Fedha zinazobaki mara nyingi hazitoshi mchirizi, na hili ndilo kosa tunaloliona zaidi kuliko yote. Watu hutoa maelfu kwa tangi, kisha maji wakayaongoza kwa kipande cha bati kilichokunjwa kwa mkono. Mchirizi uzunguke pande zote zinazotiririsha maji, uteremke sentimita moja hivi kwa kila mita, na vishikizo vyake viwe karibu karibu, visizidi mita moja, kwani kusi halina huruma. Kata matawi ya mwembe yaliyoinamia paa.

Mvua ya kwanza isiingie tangini. Vumbi, majani na kinyesi cha kunguru, wale walioletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 nasi tukabaki nao, vyote huoshwa na maji hayo. Kwa paa letu la mita 56, lita 28 za mwanzo zaweza kumwagwa. Bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita tatu, lililosimamishwa kabla ya tangi na kuzibwa chini kwa kizibo kinachofunguka, hupokea karibu lita 24; lifunguliwe baada ya kila mvua. Kila tundu la tangi, pamoja na lile la kumwagia maji yaliyozidi, lifunikwe kwa wavu wa mbu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Paa la makuti halifai kwa kazi hii, wala mabati yaliyopakwa rangi yenye risasi.

Sasa tuwaelekee wenye madaraka. Jengo la skuli lenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 8, kwa hesabu ile ile, huangusha zaidi ya lita 300,000 kwa mwaka. Tumepita mbele ya majengo ya namna hiyo, ya skuli na ya vituo vya afya, yenye mabati mapya yanayong'aa bila ya mchirizi hata wa upande mmoja, huku wanafunzi wakiagizwa kuja na madumu ya maji kutoka majumbani. Kisiwa cha Bermuda, kilichomo katika bahari ya Atlantiki na ambacho hakina mto, kinamtaka kwa sheria kila mwenye kujenga nyumba akinge maji ya paa lake na awe na tangi la kuyahifadhi. Hatuoni kwa nini ramani ya jengo la umma katika visiwa vyetu ipitishwe ikiwa haina mchirizi, tangi na jukwaa lake, vikiwa na fungu katika makadirio ya fedha kama lilivyo fungu la milango. Fungu hilo liwe na kifungu cha matengenezo pia, na katika daftari la sheha liandikwe jina la atakayepanda kila Februari, kabla ya masika, kuzoa majani na kuosha tangi.