Droni Haipigi Hodi

Viazi vya karai tunavyonunua mitaani mwetu jioni, aghalabu vimelimwa mbali na bahari: Molo, Kuresoi au Mau Narok, katika kaunti ya Nakuru. Huko mkulima huishi na hofu ya ukungu, maradhi yawezayo kuangamiza shamba kwa siku chache za mvua.

Kwa miaka mingi silaha yake imekuwa bomba la mgongoni, na dawa humrudia puani na ngozini. Sasa ndege ndogo zisizo na rubani, tuziitazo droni, zinaleta njia nyingine. Ipo inayopiga picha na kuonyesha mahali majani yalipobadilika rangi. Ipo inayobeba dawa na kuinyunyiza, mwenye kuiongoza akiwa kando. Hata hivyo, miguu ya mkulima bado yahitajika, kwani picha pekee haibainishi kama jani limeugua au limekosa mbolea. Upepo nao huweza kuipeleka dawa kwa jirani.

Jambo hili si geni kwa watu wa mwambao. Kuanzia mwaka 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kuzipiga picha Unguja na Pemba kwa droni, zikapatikana ramani za ardhi.

Kenya ilikwenda kwa kusitasita. Kanuni za 2017 zilibatilishwa na Bunge la Taifa mwaka uliofuata. Zinazotumika leo ni za 2020. Mrushaji sharti apate kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na katika hifadhi kama ya Ziwa Nakuru, ruhusa ya wasimamizi wa wanyamapori pia.

Lakini chombo kinachoona jani lililougua huona pia ua wa nyumba. Wazee wetu walijenga kuta ndefu kwa ajili ya sitara. Ukuta haumzuii atazamaye kutoka juu. Kanuni zinadai faragha iheshimiwe, ila hapana askari awezaye kulinda kila paa. Na dini yetu ilikataza kuchungulia majumba ya watu kabla kamera haijabuniwa.

Basi tuwasomeshe vijana wetu kazi hii, kwani ina riziki na manufaa, iwe Nakuru au hapa Pwani. Pamoja na ufundi, tuwafunze adabu ya kale: kumwendea mwenye nyumba, kubisha hodi, na kusubiri jibu kabla ya kurusha. Droni haiwezi kupiga hodi; mwenye kuirusha anaweza.