Kifaru Kilichouzwa Ili Watoto Wapate Shule

Mwanajeshi anajua kazi ya kifaru vitani. Lakini ni wachache miongoni mwetu, maofisa kwa askari wa kawaida, ambao wamepata kusikia habari za kifaru kilichojenga shule ya watoto wadogo. Jambo hilo lilitukia kweli huko Italia, mwaka 1945, katika kijiji cha Villa Cella, maili chache tu kutoka mji wa Reggio Emilia.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha katika nchi ile. Majeshi ya Ujerumani, yalipokuwa yakirudi nyuma, yaliacha kifaru kimoja, malori machache na farasi kadhaa. Wanakijiji wakakutana kushauriana juu ya matumizi ya mali hiyo. Inasimuliwa kwamba wanaume walitaka lijengwe jumba la michezo ya kuigiza, nao wanawake wakashikilia kwamba ijengwe shule ya chekechea. Wanawake wakashinda. Vyombo vile vya vita vikauzwa, mkulima mmoja akatoa kiwanja, matofali na boriti zikaokotwa katika nyumba zilizobomolewa na mabomu, mchanga ukachotwa mtoni, na kazi yote ikafanywa kwa kujitolea.

Habari hizo zilimfikia kijana mmoja mwalimu, Loris Malaguzzi, aliyekuwa na umri wa miaka 25. Hakuamini. Akapanda baiskeli yake akaenda kushuhudia, akawakuta wanawake wakisafisha na kuosha matofali. Alipowaambia kuwa yeye ni mwalimu, walimjibu kwamba ikiwa ni kweli, basi aje afanye kazi pamoja nao. Tangu hapo mpaka alipofariki mwaka 1994, maisha yake yalifungamana na shule za watoto wa Reggio Emilia. Shule ile ya kijijini nayo ikaitwa Aprili 25, kwa heshima ya siku ambayo Waitalia huadhimisha ukombozi wao.

Ndugu zangu askari na polisi, sikuleta hadithi hii kwa sababu ya kifaru peke yake. Nimeishi kambini miaka ya kutosha kuyaona ya kambini. Baba anapata amri ya kuhamia kituo kingine, au anakwenda operesheni kwa miezi. Mama anabaki na chumba kimoja, jiko la mkaa na watoto watatu. Yule mkubwa yuko shuleni. Yule wa miaka minne anafungiwa ndani mama aendapo sokoni, ama anazurura karibu na karakana na matangi ya mafuta. Sote tumemwona mtoto huyo. Mara nyingi ni wa kwetu.

Nikilitaja jambo la chekechea, hukutana na jibu moja kutoka kwa wakubwa zangu na wadogo zangu vilevile: mtoto atolewe nyumbani, alipiwe ada, halafu akacheze? Kucheza si anaweza kucheza uani? Swali hili ni la haki, nami nitalijibu kwa mambo ya nyumbani kwetu. Nilipokuwa katika chuo cha maofisa wanafunzi, tulifundishwa mbinu za mapigano mbele ya meza ya mchanga. Watu wazima wenye ndevu waliinama juu ya vilima vya mchanga, wakavuta uzi wa buluu kuwa mto, wakaweka vijiti kuwa daraja na vizibo vya chupa kuwa mizinga. Aliyepeleka kikosi chake bondeni bila ulinzi wa ubavuni alipoteza vizibo vyake, akachekwa, na kosa lile hakulirudia. Huo ulikuwa mchezo. Hakuna aliyeuita upotevu wa wakati.

Sasa tazama jinsi watoto wa Reggio Emilia wanavyojifunza. Katika shule moja ya mji ule, iitwayo Diana, darasa lilihitaji meza nyingine mfano wa ile waliyokuwa nayo. Seremala alitaka apewe vipimo. Walimu hawakupima wao. Waliwaachia kazi hiyo watoto wa miaka mitano na sita. Watoto wakaanza kwa vidole, kisha kwa viganja, kisha kwa miguu yao wenyewe. Kila mmoja akapata hesabu yake, kwa kuwa viungo vya fulani si sawa na vya fulani. Wakajitengenezea rula zao za karatasi, nazo zikakataa kukubaliana. Hatimaye kiatu cha mtoto mmoja kikafanywa kuwa kipimo cha wote, na kutoka kwenye kiatu wakaifikia mita, ambayo seremala angeweza kuielewa. Meza ikatengenezwa.

Mwalimu mwenye haraka angewaambia habari za mita kwa dakika tano. Lakini watoto wale walipita njia ileile waliyoipita babu zetu, waliopima kwa wanda, shubiri, dhiraa na pima, mpaka siku mwuza nguo mwenye mkono mfupi alipogombana na mnunuzi mwenye mkono mrefu. Askari aliyefundishwa kukadiria umbali kwa hatua zake mwenyewe atalifahamu jambo hili upesi kuliko mtu mwingine.

Mipango ya shule hizo haiandikwi ukutani kama ratiba ya gwaride. Walimu wawili hushika darasa moja, husikiliza maswali ya watoto, huyaandika, kisha huyageuza kuwa kazi ya siku au ya majuma. Kipo chumba cha ufundi chenye udongo, rangi, waya na vipande vya mbao, pamoja na mwalimu wake. Wazazi huitwa jioni kujadili kazi za watoto wao, wala si kusomewa matokeo tu. Mwaka 1991 gazeti la Newsweek la Marekani liliihesabu shule ya Diana miongoni mwa zilizo bora kabisa duniani.

Upo pia mfano wa New Zealand. Mwaka 1941, wanaume wengi wa nchi ile wakiwa vitani ng'ambo, akina mama wa mji wa Wellington waliungana wakaanzisha vituo vya kuchezea watoto, mama kwa mama wakipokezana zamu kama walinzi langoni. Mwaka 1948 vituo hivyo viliunda shirikisho la taifa zima. Vingali vinaendeshwa na wazazi wenyewe, ambao husomea kazi hiyo, na watoto huchagua wenyewe kati ya mchanga, maji, udongo, matofali ya mbao na vitabu.

Nisifiche upande wa pili. Huko Italia, shule kadhaa walizozianzisha wazazi baada ya vita zilifungwa kwa kukosa fedha. Zilizobaki ziliokoka kwa sababu baraza la mji lilianza kuzijenga zake mwaka 1963, na mwaka 1967 likazichukua zile za wazazi. Moyo wa kujitolea huchoka. Mshahara wa mwalimu hauchoki kudaiwa. Kwa hiyo ushirika wa wazazi kambini utahitaji daftari la hesabu lililo wazi, mweka hazina asiye mkopaji, na kamanda atakayetoa jengo kwa maandishi ili mrithi wake asiligeuze ghala la mahema.

Vifaa havina taabu. Karakana ina matairi yaliyokwisha, seremala wa kikosi ana vipande vya mbao anavyovichoma, kamba kuukuu zipo, mchanga upo. Mimi nimekwisha kumwendea mtunza ghala wetu kuomba masanduku matupu ya risasi kumi na mawili. Aliniuliza ni ya zoezi gani. Nikamwambia ni ya watoto, akiwamo wake. Akaifunga leja yake, akaniambia nirudi Jumatatu na mkokoteni.