Lebo ya Dodoma ibebe picha ya Dodoma

UKIPITA Soko la Majengo mjini Dodoma, au maduka ya kando ya barabara kuu iendayo Singida, si ajabu kukuta bidhaa iliyozalishwa hapa hapa ikiwa na lebo yenye sura ya ugenini. Chupa ya mvinyo ina picha ya vilima vya kijani na nyumba ya mawe ya Ulaya. Dumu la mafuta ya alizeti lina familia ya Kizungu inayocheka mezani. Mara nyingi mtengenezaji wa lebo ndiye aliyeichukua picha hiyo kwenye intaneti, na mwenye bidhaa hakuuliza imetoka wapi.

Angeuliza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha kama inavyolinda nyimbo na vitabu, na kuikuta picha kwenye intaneti si ruhusa ya kuitumia. Mwenyewe akijitokeza baada ya lebo elfu tano kuchapwa, hasara ni ya mjasiriamali. Tena picha hiyo hiyo anaweza kuichukua mshindani wako kesho, mkafanana rafuni.

Lakini hasara kubwa zaidi ni ya soko. Mteja wa Dar es Salaam au Arusha anayeulizia mvinyo wa Dodoma anataka Dodoma. Jina hilo limejengwa na wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Makutupora kwa miaka mingi, na lebo yenye kilima cha Ulaya inalitupa bure.

Picha nzuri iko shambani. Zabibu zetu husimama juu ya nguzo na nyaya katika udongo mwekundu, na kwa kuwa huvunwa mara mbili kwa mwaka, aliyekosa picha msimu mmoja hangoji sana. Ila angalia rangi: mvinyo mweupe wenye picha ya zabibu nyekundu humchanganya mnunuzi.

Alizeti haina subira hiyo. Iliyopandwa Desemba au Januari huchanua kwa muda mfupi tu, kisha petali hunyauka na kichwa huinama. Ua lililokomaa hutazama mashariki, kwa hiyo piga picha asubuhi, kabla ya saa tatu, jua likiwa mgongoni mwako na ua likikutazama. Mchana jua la Dodoma ni kali mno. Nyuso huwa na vivuli vyeusi chini ya kofia na rangi hupauka.

Simu ya kisasa inatosha kwa lebo ndogo. Kwa uchapaji mzuri huhitajika nukta 300 kwa kila inchi, yaani picha ya upana wa inchi 4 iwe na nukta zisizopungua 1,200 kwa upana. Usimtumie mchapaji picha iliyopita kwenye WhatsApp kwa njia ya kawaida, maana hupunguzwa ubora. Mpelekee faili halisi.

Picha ya kweli nayo inaweza kudanganya. Anayekamua mafuta kwa mashine moja uani asisimame mbele ya kiwanda cha jirani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na mteja atakayekutembelea ataona mwenyewe. Mashine hiyo moja, ikiwa safi, na mama aliyevaa kanga yake ya kazini akichuja mafuta, inauza vizuri tu.

Huyo mama naye aulizwe kwanza. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika mwaka 2023, si busara kutumia sura ya mtu kibiashara kwa makubaliano ya mdomo. Andikeni karatasi moja: picha itatumika wapi, kwa muda gani, analipwa kiasi gani, na itakuwaje akiacha kazi. Mpiga picha, kama si wewe, naye asaini yake, inayoeleza kwamba lebo, mabango na matangazo ya baadaye yote yamo katika malipo yale yale.