Gugu Linalofyonza Sumu

Siku ya usafi shuleni mimi hung'oa kila gugu bila huruma. Sasa nimepata funzo.

Huko Florida, Marekani, palikuwa na mahali ambapo mbao zilitiwa dawa ya kuzuia kuoza. Dawa hiyo ilikuwa na aseniki, sumu iletayo saratani, ikabaki udongoni. Mwaka wa 2001 wanasayansi walitangaza kwamba kangaga liitwalo Pteris vittata, lililojiotea hapo, huifyonza kwa mizizi na kuirundika majanini.

Lakini jamani, sumu haipotei, huhama tu! Majani lazima yakatwe na kutupwa mahali salama. Ukimpa ng'ombe ayale, au ukiyachoma ovyo, umeruka majivu ukakanyaga moto.